Jinsi ya Kulielewa Neno "Koluria" katika Majibu ya Mkojo

Mtu akipokea majibu yake ya maabara pale Wete au Chake Chake, akakuta daktari ameandika koluria, ana haki ya kujua ameambiwa nini. Neno hili limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, nyongo na mkojo, na maana yake ni kuwemo ndani ya mkojo rangi ya nyongo iitwayo bilirubini.

Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, na zinapovunjika hutoa bilirubini, ambayo husafiri katika damu ikiwa imeshikamana na protini, kwa hivyo haipenyi kwenye figo. Ini huigeuza iweze kuyeyuka katika maji, kisha huimimina pamoja na nyongo utumboni, na huko ndiko choo kinakopatia rangi yake. Ini likiugua, au mrija wa nyongo ukizibwa na kijiwe au uvimbe, bilirubini iliyokwisha kugeuzwa hurudi katika damu, na figo huitoa. Jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba mgonjwa wa seli mundu, ambaye chembe zake nyekundu huvunjika upesi kupita kawaida, anaweza kuwa na macho ya manjano na bado mkojo wake usiwe na bilirubini, kwa kuwa iliyozidi mwilini mwake haijageuzwa na ini.

Nyumbani, utazame mkojo katika chombo cheupe. Mkojo wenye nyongo hufanana na chai ya mkandaa hata baada ya kunywa maji ya kutosha, na ukitikiswa hutoa povu la manjano. Tazama na choo: kikipauka mfano wa udongo mweupe, huenda njia ya nyongo imeziba. Hata hivyo usihukumu kwa rangi peke yake, kwani rifampisini, dawa ya kifua kikuu, nayo huugeuza mkojo ukawa wa rangi ya chungwa.

Mwanga huiharibu bilirubini. Anayetoka Micheweni na chupa mkononi, juani, anaweza kuambiwa haimo ilhali imo. Ni bora kuutoa mkojo palepale maabara, na ikishindikana, ifunike chupa kwa kitambaa cheusi na kuifikisha upesi.

Ikithibitika, mtajie daktari dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo, naye ataagiza vipimo vya damu na ultrasaundi. Ukipata homa ya kutetemeka, maumivu makali chini ya mbavu za kulia au kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.