Kusomea GIS Chuo Kikuu Nchini Uganda: Kozi, Mazoezi na Ajira

Ukitaka kusomea mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani kuhifadhi, kuchambua na kuchora ramani za taarifa za mahali kwa kompyuta, ambayo wengi huiita GIS, usitafute kwanza shahada yenye jina hilo, kwa kuwa nchini Uganda elimu hii hupatikana zaidi ndani ya shahada nyingine. Chuo Kikuu cha Makerere kina milango miwili iliyo wazi: shahada ya upimaji ardhi na jiomatiki (sayansi ya kupima na kuchakata taarifa za ardhi), inayochukua miaka minne na kudai hisabati nzuri, na masomo ya jiografia, ambayo idara yake hufundisha pia jioinfomatiki (matumizi ya kompyuta katika taarifa za kijiografia) na sayansi ya hali ya hewa. Aliyekosa alama za shahada anaweza kuanza na diploma katika chuo cha upimaji na usimamizi wa ardhi kilichoko Entebbe. Apendaye hesabu na kushinda juani na vyombo vya kupimia aende kwenye upimaji. Anayevutiwa na misitu, makazi au mafuriko atafaidi zaidi jiografia, mradi ajiongezee takwimu na lugha moja ya kompyuta, hasa Python.

Kabla ya kujaza fomu, omba orodha ya masomo ya kila muhula. Ikiwa GIS imetengewa muhula mmoja tu, bila hifadhidata, bila usomaji wa picha za setilaiti na bila mafunzo kwa vitendo, kozi hiyo haitakufikisha mbali.

Somo ambalo wanafunzi hulipita mbio ni mifumo ya viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, nalo ndilo linalowaumbua kazini. Ramani nyingi za zamani za Uganda zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS ya simu hutumia WGS 84. Ukizichanganya bila kubadilisha, kisima ulichokipima leo kitaangukia takriban mita 300 kutoka mahali pake, pengine ng'ambo ya kinamasi, katika kijiji kisicho chake. Isitoshe, mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa mita, huigawa dunia katika kanda zenye namba, kila moja ikiwa na upande wa kaskazini na wa kusini mwa ikweta. Ikweta hukata barabara ya Masaka pale Kayabwe, kwa hiyo Kampala imo katika ukanda wa 36 kaskazini, Masaka katika ukanda wa 36 kusini, na Kisoro imevuka hadi ukanda wa 35. Kusini mwa ikweta mita huhesabiwa kwa kushuka kutoka 10,000,000; ukiiambia programu kwamba nukta za Masaka ni za kaskazini, zitapaa hadi karibu na Ncha ya Kaskazini.

Mazoezi hayahitaji fedha nyingi. Programu ya ramani ya QGIS ni ya bure, picha za setilaiti za Landsat zimekuwa za bure tangu 2008, na za Sentinel-2 huonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10. Chagua swali dogo, kwa mfano kinamasi cha Lubigi kilichoko Kampala kimepungua kiasi gani tangu miaka ya 1980, kisha linganisha picha za miaka tofauti na uende huko kwa miguu. Huenda mahali ulipopapaka rangi ya majengo kwenye ramani ukakuta shamba la magimbi lililolimwa juzi, kwa sababu udongo ulio wazi hufanana na paa machoni pa setilaiti. Andika kosa hilo katika ripoti yako, maana mwajiri makini atauliza ulihakiki vipi.

Kuhusu ajira, usisubiri tangazo lililoandikwa GIS. Shirika la takwimu la taifa, lililotumia vishikwambi katika sensa ya 2024, linahitaji ramani za maeneo ya kuhesabia. Shirika la maji linahitaji kujua mabomba na mita za wateja ziko wapi. Na mashirika ya misaada hupanga visima na shule katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Bidi Bidi. Mengi ya mashirika hayo hutoa mikataba mifupi, na kazi yenyewe mara nyingi hutangazwa kwa jina la ufuatiliaji na tathmini.

Jambo moja lazima liamuliwe mapema. Ramani ya mipaka ya kiwanja kwa ajili ya hati hutiwa saini na mpimaji aliyesajiliwa kisheria, na ujuzi wa GIS peke yake hautoi ruhusa hiyo. Anayeitaka aingie upimaji tangu mwaka wa kwanza.