Jinsi ya kuchagua na kutunza vali za chini ya maji katika boti

Tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya usawa wa maji huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, na kinachoyazuia maji hayo ni vali moja ambayo wenye boti wengi huisahau kwa kuwa imejificha ngamani.

Hatua ya kwanza ni kujua madini yake. Brasi ya kawaida, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, haifai kukaa katika maji ya chumvi, kwa sababu maji hayo huila zinki polepole na kuacha shaba yenye vitundu kama sifongo, ilhali kwa nje kifaa huonekana kizima. Chagua bronzi, yaani shaba iliyochanganywa hasa na bati, au brasi iliyotengenezwa mahususi isipoteze zinki, au nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Usitosheke na kuambiwa kuwa vali ni ya boti: kiwango cha kimataifa cha vali hizi, ISO 9093-1 cha mwaka 1994, kilihesabu kuwa madini yanastahimili kutu iwapo hayaharibiki kwa miaka 5, muda ambao kwangu ni mfupi mno.

Hatua ya pili ni aina. Mimi hupendekeza vali ya tufe inayofungwa kwa robo mzunguko, kwani mkono wake ukilala sambamba na bomba iko wazi, na ukikingama imefungwa. Vali ya lango, ile inayofungwa kwa kushusha bamba ndani yake, haikuonyeshi hivyo, na kipande kidogo cha kombe huizuia isifunge kabisa.

Hatua ya tatu ni nyuzi za skrubu. Kiungo kinachopenya mwili wa chombo huwa na nyuzi zilizonyooka, lakini vali nyingi za mabomba ya nyumbani zina nyuzi zinazopungua upana. Ukiziunganisha, hukaza baada ya mizunguko michache na kukudanganya kuwa zimeshikana. Zifunge kwanza kwa mkono, zikiwa kavu, uhesabu mizunguko.

Baada ya hapo ni matunzo. Kila mwezi funga na ufungue kila vali, kwa maana isiyozungushwa hukwama. Boti ikipandishwa nchi kavu, kwangua madini kwa ncha ya kisu: rangi ya manjano ni njema, ya waridi ni ya hatari. Niliwahi kukwangua kiwiko kilichokuwa na ukungu wa kijani tu, nikakuta uwaridi chini yake. Nilipokigonga kwa mpini wa nyundo, kikakatika palepale. Kiungo cha namna hiyo hakirekebishwi, hubadilishwa kabla boti haijarudi majini.

Wakati huohuo paka tufe grisi isiyoyeyuka majini, ile aliyoitaja mtengenezaji ikiwa vali ni ya nailoni, na ukague vibano vinavyoshika bomba la mpira, ambavyo viwe viwili vya chuma kisichoshika kutu kila mahali vinapoenea. Mwisho, funga kizibo cha mbao laini chenye kipimo cha tundu kwa kamba kwenye kila vali, kiwe karibu na mkono gizani.