Sola inazima saa tatu usiku? Usikimbilie kuongeza paneli

Umeme ukikata mapema wengi wanawaza paneli ingine, mi nakwambia anza kutafuta unapotelea wapi kwanza, manake mfumo unaovuja hata uuongezee paneli tatu utavuja tu.

Waya ndo unaoumiza wengi. Volti 12 haitaki waya mwembamba kabisa. Chukua vitu vyako vyote ni wati 60, hizo ni ampia 5, sasa ukivuta waya wa shaba wa 1.5 (unene wa milimita za mraba 1.5) umbali wa mita 10 (kwenda na kurudi ni mita 20) unapoteza kama volti 1.2 njiani, yaani asilimia 10 ya umeme uliouhifadhi inaishia kupasha waya joto! Weka wa 4 hasara inashuka mpaka kama asilimia 4. Unaweza kujipima mwenyewe, washa kila kitu, pima volti pale kwenye betri alafu pima kwenye taa ya mwisho, tofauti ikizidi nusu volti hapo pana shida. Na tafadhali viungo vikazwe kwa skrubu, ile ya kusokota waya na kuzungushia tepu inashika kutu, inapata moto, inaweza hata kuchoma nyumba.

Kontrola nayo, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia kuchaji. Zile paneli kubwa za volti 30 ukizifunga kwa PWM (aina ya kontrola isiyogeuza volti) kwenye betri ya volti 12 unatupa zaidi ya nusu ya umeme wake, paneli ya wati 250 inatoa ampia 8 na kidogo, PWM inaishusha ifanye kazi kwenye volti 13 za betri, kwahiyo unapata kama wati 108 tu. Hapo unahitaji kontrola ya aina ya MPPT, yenyewe inageuza volti za ziada kuwa ampia. Ila kama paneli yako ni ndogo ya volti 18 PWM inatosha, usidanganywe.

Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, inakula hata kama hujachomeka kitu. Ikila wati 15 mchana na usiku ni wati-saa 360, hizo zingewasha taa ya wati 9 masaa 40. Izime ukilala, taa na simu zitumie DC (umeme wa betri wenyewe) moja kwa moja.

Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, ikiwa imepumzika bila mzigo volti 12.1 ndo nusu yenyewe. Ukiiongezea maji yawe yale ya betri yaliyoondolewa chumvi na madini (distilled water), sio ya kisima na sio asidi.

Paneli ifute vumbi asubuhi kabla kioo hakijapata moto, na kata tawi lolote linaloweka kivuli hata kidogo, seli zimeungana kwa mfululizo kwahiyo chache zikifunikwa zinaziburuza na zingine. Acha upenyo wa kama sentimita 10 toka kwenye bati upepo upite, joto linapunguza umeme.

Ukifanya yote na bado inazima mapema basi sasa ongeza paneli, na kama utaziunga sambamba hakikisha volti zinalingana na ya kwanza.