Kusuka DNA na kuilaza juu ya ulanga

Aliyewahi kuketi na akina mama wa Mikindani wakishona mkeka ataielewa upesi kazi hii ya kukunja uzi wa DNA kuwa maumbo madogo mno na kuyalaza juu ya ulanga, jiwe linalobanduka tabaka tabaka. Husukwa kwanza ukili mmoja mrefu, kisha unazungushwa na kushonwa mpaka uwe mkeka. Ukili wetu hapa ni uzi wa DNA wa M13, kirusi kinachoshambulia bakteria, wenye besi (yaani pingili za DNA) 7249, na nyuzi fupi zaidi ya 200 ndizo zinazoukunja na kuushona. Mwanasayansi Paul Rothemund wa California ndiye aliyeonyesha njia hii mwaka 2006, akapata pembetatu, nyota na nyuso zenye tabasamu, kila moja ikiwa na upana wa nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Mimi naanza na pembetatu, na nakushauri uanze nayo pia.

Hatua ya 1: Kuchanganya

Kwenye kichupa kidogo tia uzi mrefu maikrolita 5 (ukali wake nanomola 100 kwa lita), nyuzi fupi zilizokwisha changanywa maikrolita 10 (kila uzi nanomola 500), bafa ya TAE (maji ya dawa yanayotuliza hali ya asidi) yenye magnesiamu, ya ukali mara kumi, maikrolita 5, na maji safi maikrolita 30. Nyuzi fupi zinakuwa mara kumi ya uzi mrefu, ili pasikose mshono.

Magnesiamu ifike milimola 12.5. Usiipunguze. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo nyuzi zilizolala ubavu kwa ubavu zinasukumana. Magnesiamu yenye chaji chanya ndiyo inayoziweka pamoja.

Hatua ya 2: Kupoza

Pasha hadi nyuzijoto 95, kisha poza polepole. Mashine ya PCR, ile ya maabara inayopasha na kupoza vichupa yenyewe, hufanya hivyo kwa saa moja na nusu hivi, umeme ukiwepo. Nimewahi kupoteza sampuli mbili umeme ulipokatika katikati. Siku hizi najaza hotpoti maji ya moto, natoboa kipande cha kandambili kuukuu, nachomeka kichupa, kinaelea humo usiku kucha. Kifuniko cha kichupa kibane kabisa.

Asubuhi chuja nyuzi fupi zilizobaki, la sivyo zitagombania nafasi na pembetatu zako.

Hatua ya 3: Ulanga

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa haraka tu. Ulanga, au maika, una tabaka nyembamba zinazobanduka kama maganda ya kitunguu. Bandika selotepu juu ya kipande cha duara, sugua kwa kidole, vuta kwa mkono mmoja bila kusita. Kisha itazame selotepu yenyewe kwenye mwanga: lazima uone duara zima linalong'aa. Likiwa limechanika, rudia. Tabaka jipya ni bapa kiasi kwamba hata kitu chenye unene wa nanomita 2 huonekana kimeinuka juu yake, ambao ndio unene wa uzi wa DNA.

Bandua pale unapokuwa tayari na pipeti mkononi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na uso ulioachwa wazi huchafuka mapema.

Hatua ya 4: Kupanga

Ulanga nao una chaji hasi. Magnesiamu ndiyo daraja. Dondosha pembetatu zilizozimuliwa hadi nanomola 1 au 2, subiri dakika 5. Zitashika, lakini ovyo, kila moja pale ilipoangukia. Ukitaka zijipange, ongeza chumvi ya kawaida ya maabara (kloridi ya sodiamu). Sodiamu hulegeza daraja, pembetatu zikaanza kuteleza, kugusana, na kutafuta mahali pake. Mimi naanzia milimola 100 na kupandisha kidogo kidogo. Funika kwenye sahani yenye tishu iliyoloweshwa, uache saa kadhaa. Tone likikauka, kazi imeharibika.

Hatua ya 5: Kusuuza na kupiga picha

Hadubini ya ncha, ile inayopapasa uso badala ya kuutazama, sina hapa Mtwara, hivyo sampuli zangu husafiri zikiwa zimekauka. Suuza kwa maji safi mara tatu au nne, kisha puliza hewa kavu kutoka upande mmoja. Picha ikija na vilima vikubwa vyeupe kati ya pembetatu, hiyo ni chumvi: ongeza maji ya kusuuza, usibadilishe vipimo vya mchanganyiko wako.