SOMO: leisure=park au leisure=garden kwenye OpenStreetMap

Swali hili limeulizwa tena wiki hii: kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri, bustani iandikwe leisure=park au leisure=garden? Naliandika jibu lote hapa, atakayeuliza tena nitampa kiungo.

1. Fungua kihariri (programu ya kuchorea ramani), sogeza ramani hadi eneo lako.

2. Chora mzingo, ufunge.

3. Chagua tagi (lebo inayosema kitu ni cha aina gani, mfano leisure=park). Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Usisome kibao cha getini ukaishia hapo: jina linakwenda kwenye tagi ya name, basi. Tagi inafuata matumizi. Forodhani ya Zanzibar na Jeevanjee ya Nairobi zote zinaitwa Gardens kwa Kiingereza, lakini watu wanakwenda kukaa, kupiga soga na kupunga upepo. Zote mbili ni leisure=park. Garden ni pale mimea yenyewe inapopandwa kwa mpangilio ili itazamwe au ichunguzwe. Maua ya uani kwa mtu ni leisure=garden, garden:type=residential na access=private. Ukiyaandika park, umewaelekeza wageni kwenye ua wa watu.

TAHADHARI: usibadilishe kazi ya mwenzako kwa picha ya setilaiti peke yake. Kutoka juu, makaburi yenye miti na bustani vinafanana kabisa. Muulize kwanza.

4. Mikumi, Serengeti na nyingine za aina hiyo: boundary=national_park. Hazihusiki hapa.

5. Hifadhi kazi yako, na uandike maelezo ya badiliko yanayoeleweka.

MASWALI

Mkuu, sasa Forodhani niweke ipi?
— Hatua ya 3. Imetajwa kwa jina.

Mimi bustani zote za mchicha Bonde la Msimbazi nimeziweka garden. Kosa liko wapi? Si bustani?
— Mchicha wa kuuza ni kilimo: landuse=farmland. Vile vitalu vya miche kando ya barabara ni landuse=plant_nursery. Tafadhali zirekebishe mwenyewe, wengine tuna maeneo yetu ya kuchora.

Shikamoo mwalimu. Entebbe Botanical Gardens watu wanakwenda na vyakula vyao, wanatandika mikeka siku nzima. Matumizi yakiwa mawili, lipi linashinda?
— Marahaba. Umeuliza jambo la maana. Tazama eneo limepangwa kwa ajili ya nini. Entebbe ilianzishwa 1898 kujaribu mimea, na hadi leo miti yake ndiyo kiini cha mahali pale; kwa hiyo leisure=garden na garden:type=botanical. Kuna kiingilio, ongeza fee=yes. Hali ikigeuka, kwamba park ina kona ya maua tu, eneo zima libaki park, na ile kona uichore ndani yake kama landuse=flowerbed.

Asante sana. Na mzingo, niugandishe na mstari wa barabara, vitumie nodi (nukta) zilezile?
— Hapana. Mstari wa barabara unapita katikati ya lami. Bustani inaishia kwenye uzio. Uhuru Park ukiigandisha na Uhuru Highway, atakayekuja kunyoosha barabara ataivuta na bustani. Kwenye JOSM (kihariri cha kompyuta), zilizokwisha gandishwa zinaachanishwa kwa kitufe cha G: chagua nodi pamoja na mzingo, kisha bonyeza.