Somo: Jinsi Rais Anavyotafuta Shauri la Wabunge Kabla ya Kuamua Mambo ya Nje

Ndugu wanachama, leo tunachambua mazungumzo yasiyoingia katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Mifano ni ya Marekani, ambako mkataba hauthibitishwi bila theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria.

Hatua ya kwanza ni kumtambua mwenye neno, hata akiwa wa chama pinzani. Mwaka wa 1948 Rais Truman alikuwa Mdemokrati, ilhali Seneti ilishikwa na Warepublican, na mwenye neno alikuwa Arthur Vandenberg, mwenyekiti wa Kamati ya Uhusiano wa Nje.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kumwendea mapema, kabla rasimu haijakamilika. Robert Lovett, Naibu Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa akimfuata Vandenberg nyumbani kwake jioni, wakitafuta pamoja maneno ambayo Seneti ingeyakubali. Juni mwaka huo azimio la Vandenberg, lililofungua njia kwa Marekani kuingia mapatano ya kujihami, likapita, na Julai 1949 mkataba wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ukathibitishwa kwa kura 82 dhidi ya 13. Kinyume chake, Rais Woodrow Wilson, aliyekwenda Paris bila seneta hata mmoja katika ujumbe wake, aliona mkataba wa Versailles, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukiangushwa na Seneti mwaka wa 1919, na tena 1920.

Hatua ya tatu ni kuwa tayari kubadili jambo. Kuarifu si kushauriana. Tarehe 22 Oktoba 1962 Rais Kennedy aliwaita viongozi wa Kongresi saa mbili hivi kabla ya kulihutubia taifa kuhusu makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba. Maseneta Russell na Fulbright walitaka kisiwa kivamiwe, lakini uamuzi wa kukizingira kwa meli ulikuwa umekwisha kupitishwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, mazungumzo hayo yanaweza kuchukua nafasi ya kura?*

Hayawezi. Kwetu Kenya, Kifungu cha 240(8) cha Katiba kinadai idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje kulinda amani.

*Mbona basi Bunge liliidhinisha polisi kwenda Haiti, na mahakama ikakataa?*

Bunge liliidhinisha Novemba 2023. Januari 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinahusu majeshi ya ulinzi, wala hakilipi Baraza la Usalama wa Taifa mamlaka ya kutuma polisi nje. Kwa hiyo, kabla ya kumpigia mbunge yeyote simu, rais amuulize kwanza Mwanasheria Mkuu.