Kabla ya kupanda boti Naivasha kupiga picha za sile-maua na vifaranga wake

Sile-maua, yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi, hutaga mayai, kwa kawaida manne, kwenye kitako chepesi cha majani kinachoelea. Dume ndiye anayeatamia na kulea. Wimbi la boti lipitalo kwa kasi linaweza kuyazamisha mayai hayo, kwa hiyo maandalizi yaanzie kwa nahodha. Kubalianeni kabla ya kulipa kwamba injini itazimwa mita 50 hivi kabla ya kufika kwenye yungiyungi, na kuanzia hapo mtasogea kwa kasia au pondo. Akikataa kuingia mahali fulani kwenye mafunjo, msimbembeleze. Viboko hujificha humo, naye anawajua. Jaketi okozi livaliwe, na mkanda wa kamera usizungushwe shingoni juu yake.

Panga kuwa majini saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza. Kufikia saa tatu hewa juu ya maji huanza kupata joto na kutetemeka, na picha ya mbali hutoka kama imepakwa mafuta hata kwa lenzi ya bei gani. Mchana upepo hushika na boti haitulii. Ziwa liko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta.

Kuhusu lenzi, hesabu kabla ya kukodi. Kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, ikiwa na lenzi ya milimita 600, kwa umbali wa mita 20 huona upana wa mita 1.2 tu. Ndege wa sentimita 30 hujaza robo ya upana huo, na hiyo inatosha kabisa. Hakuna haja ya kumkaribia zaidi. Kwa tundu la lenzi la f/6.3, kina kinachotoka wazi bila ukungu, kutoka mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 40 kwa mita 20, lakini kwa mita 10 hubaki sentimita 10 hivi: baba atakuwa wazi na kifaranga aliye nyuma yake atafifia. Subiri wawe sambamba. Kikuza-lenzi cha mara 1.4, kile kinachofungwa kati ya kamera na lenzi, hupunguza mwanga kwa nusu, kwa hiyo kiache mfukoni hadi jua lipande.

Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, maana miguu yake hupokea kila mtikisiko wa boti. Beba mfuko wa kitambaa wenye kilo 2 za mchele, uweke ukingoni mwa boti, ulaze lenzi juu yake, lakini injini ikiwa imezimwa tu. Anza na kasi ya shata ya sekunde 1/1600, na 1/2500 kwa ndege anayeruka, ukiacha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa husafishika baadaye, picha iliyotikisika haisafishiki. Tumia nukta moja ndogo ya fokasi inayomfuata ndege, kwani eneo pana hudaka jani lililo mbele. Juani shingo yake nyeupe huungua haraka pichani, yaani hutoka weupe mtupu, hivyo punguza mwanga kwa theluthi moja au mbili ya hatua kwenye kipimo cha mwanga cha kamera.

Betri mbili na kadi ya akiba. Sauti za ndege kutoka kwenye simu zisipigwe kamwe, wala majani yasikatwe ili kufungua mandhari, maana yanawaficha vifaranga wasionekane na furukombe.

Mkubaliane pia dalili za kuondoka: baba akipiga kelele mfululizo, akikusanya vifaranga chini ya mabawa hadi miguu yao inaning'inia, au vifaranga wakizama wakabakiza ncha ya mdomo. Hata bila dalili hizo, dakika 20 kwa familia moja zinatosha. Rudini nyuma kwa kasia, na injini iwashwe mkiwa mmeshafika maji yasiyo na majani.